UZI: Mito na Milima ya Li Elfu Moja, mchoro wa kijana wa miaka 18 na mfalme aliyemfundisha

Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa michoro ya tingatinga kuna mdau alinichokonoa: kwa nini kila tukizungumza rangi mimi naishia China? Nilimwahidi jibu, nalo limekuwa refu. Mwenye haraka apite, mwenye chai yake avute kiti.

Mchoro wenyewe kwa Kichina unaitwa Qianli Jiangshan Tu, yaani Picha ya Mito na Milima ya Li Elfu Moja. Li ni kipimo chao cha umbali, kama nusu kilomita hivi, kwa hiyo li elfu ni Dar mpaka Dodoma na chenji inabaki. Ulichorwa mwaka 1113, enzi ya Song, mji mkuu ukiwa Bianjing ambao leo ni Kaifeng. Umechorwa juu ya hariri, kipande kimoja kisicho na kiungo, kimo chake sentimita 51.5 na urefu sentimita 1191.5. Karibu mita 12! Sasa hivi uko Beijing, kwenye makumbusho ya kasri la zamani la wafalme.

Ukiutafuta kwenye simu utaona utepe mwembamba kama mkia wa mjusi, utasema "ndiyo nini hiki?" Una haki. Picha hii haikuchorwa itundikwe. Ilikaa imeviringishwa kama mkeka. Siku ya kuitazama unailaza mezani, unafungua kuanzia kulia kiasi cha urefu wa mkono, unatazama, halafu unakunja kulia huku unakunjua kushoto. Mlima ulioupita umeshafungwa, unaokuja hujauona. Hata mfalme aliitazama hivyohivyo.

Na ndani mna mambo. Milima ya bluu na kijani inapanda na kushuka, katikati maji mapana, wavuvi kwenye mitumbwi, vijiji vimejificha kwenye mikunjo ya vilima, kinu kinachozungushwa na maji. Kuna mahali linatokea daraja refu la mbao limekatisha ziwa, na katikati yake wamejenga banda la ghorofa, watu wamo ndani. Watu wenyewe ni kama punje za mchele. Ukikuza picha unagundua ni brashi imegusa mara mbili tatu tu, nguo nyeupe, kichwa, basi. Lakini unaona kabisa huyu anatembea na yule amesimama anatazama maji.

Nitaendelea. Napata ugali kwanza.

Mchokonozi
Uzi bila picha ni kama harusi bila pilau. Tia picha mkuu.

Siti ya Dirishani
Naweka kambi hapa.

Kibatari
@Mchokonozi nimepandisha mara mbili, inatoka kamstari. Tafuta kwa hilo jina la Kichina, halafu kuza mpaka simu ipate moto.

Tuendelee na mwenye nyumba. Mfalme alikuwa Huizong, aliyetawala kuanzia 1100 hadi mwanzoni mwa 1126. Huyu hakuwa mfalme wa kununua picha tu. Alichora mwenyewe, na alikuwa na mwandiko wake wa herufi nyembamba zenye ncha kali ambao mpaka leo Wachina wanauita "dhahabu nyembamba". Orodha ya picha za kasri lake, ambayo utangulizi wake ni wa mwaka 1120, ina kazi 6,396 za wachoraji 231.

Mwaka 1104 alianzisha shule ya uchoraji ya serikali. Masomo yalikuwa sita: picha za dini, watu, milima na maji, ndege na wanyama, maua na mianzi, majengo. Hapo kwenye "milima na maji" ndipo penyewe, maana picha ya mandhari Wachina wanaiita shanshui, mlima-maji, basi. Na juu ya brashi wanafunzi walisomeshwa kamusi za kale. Mchoraji asiyejua maneno hakutakiwa.

Utaona sababu kwenye mitihani yao. Mtahiniwa hakuambiwa "chora mlima". Alipewa mstari wa shairi. Mmoja ulisema, kwa tafsiri yangu ya kienyeji: "Maji ya porini hayana wa kuvuka, mtumbwi mmoja umelala kutwa." Wengi wakachora mtumbwi mtupu umefungwa ufukoni, na wajanja wakaongeza kunguru amejenga kiota juu ya paa lake. Aliyeshika namba moja alimchora mwenye mtumbwi amejilaza nyuma na filimbi yake. Mstari haukusema hakuna nahodha, mabwana. Ulisema hakuna abiria! Mtihani mwingine ulitaka hekalu la kale lililofichwa na milima. Wengine wakachomoza paa, wengine ncha ya mnara. Mshindi alijaza karatasi milima mitupu, na juu akachomoza mlingoti wa bendera tu.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi. Kasrini kulikuwa na tausi, wachoraji wakaamriwa wamchore, nao wakamchora akipanda kigoda. Kazi zikaja, rangi zinawaka. Mfalme akasema mmekosea wote. Siku kadhaa wanaumiza vichwa, akawaita tena, hakuna aliyejua. Jibu: tausi akipanda mahali hutanguliza mguu wa kushoto, nyie mmeinua wa kulia.

Mama Karafuu
Huyo ni mfalme au msimamizi wa mtihani wa taifa? 😂 Nchi inaongozwa na nani wakati yeye anahesabu miguu ya tausi?

Fundi Brashi
Mimi nachora tingatinga mwaka wa kumi na tano sasa. Bosi wa namna hiyo ni bora kuliko mteja anayekuambia "weka twiga wengi wengi". Hebu niambie, walilipwa?

Kibatari
Walilipwa, na hapo pana kitu kitamu. Mafundi wengine wa kasri malipo yao ya siku yaliitwa "pesa ya kula". Ofisi mbili tu, ya wachoraji na ya waandishi wa hati, malipo yao yaliitwa mshahara. Kazi ileile ya mkono, jina tofauti. Anayejua maisha ya fundi atanielewa hapo.

@Mama Karafuu swali lako nalirudia baadaye, usiondoke.

Sasa kijana. Karibu kila tunachojua juu yake kimeandikwa kwenye hariri iliyounganishwa mwishoni mwa mchoro, na aliyeandika ni Cai Jing, waziri mkuu, mwaka huohuo 1113. Kwa ufupi anasema hivi: Ximeng ana miaka 18. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya uchoraji, kisha akaitwa kwenye hazina ya maandiko ya kasri. Akawa anapeleka michoro yake kwa mfalme, na haikuwa mizuri sana. Mfalme akaona anafundishika, akamwelekeza mwenyewe, akamwonyesha njia. Haikupita nusu mwaka akaleta huu. Mfalme akafurahi, akampa Cai Jing.

Someni tena hapo pa "haikuwa mizuri sana". Mitandaoni mtoto huyu anasimuliwa kama jini lililoshuka na brashi mkononi. Maandishi ya wakati wake yanasema alikuwa mwanafunzi wa kawaida aliyepata mwalimu, na mwalimu alikuwa na ufunguo wa hazina. Kwa maoni yangu huu ni mchoro wa kasri zima. Hariri ya mita 12 isiyo na kiungo mtoto wa shule anaipata wapi? Na rangi je? Ile bluu ni jiwe la azuriti lililosagwa. Ile kijani ni malakiti. Fikiria kufunika mita 12 kwa mawe ya kusagwa, tabaka juu ya tabaka.

Katanga ya Juu
Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili yetu. Hiyo malakiti tunaijua sana, ni jiwe ya huku, inakaa pamoja na shaba. Mafundi wanatengeneza nayo shanga, tembo mudogo, sahani ya majivu. Ukiikata unaona miviringo, kijani nyeusi, kijani nyeupe, kama ndani ya muti. Lakini kuna kitu moja: jiwe ni kijani kali, vumbi yake ukiikata ni nyeupe-nyeupe, imepauka. Mikono inakuwa kama umeshika unga. Sasa hao walifanya nini ili rangi ibaki kali?

Kibatari
Ndugu yangu wa Lubumbashi, umeshika penyewe. Jibu liko kwenye ukubwa wa punje. Ukisaga sana inapauka, ukisaga kidogo inabaki nzito. Kwa hiyo walisaga, wakamwaga majini, wakakoroga na kuacha itulie. Punje kubwa zinazama kwanza, hizo ndizo rangi kali. Maji yenye punje ndogo yanamiminwa chombo kingine, yanatulia, unapata rangi ya kati, na inayofuata imepauka zaidi. Jiwe moja linakupa bluu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu unachanganya na gundi ya ngozi. Hariri nayo inapakwa kwanza gundi na shabu (shabu hii ya vinyozi, msinielewe vibaya), ili wino usitambae.

Azuriti nayo ni ndugu wa damu wa malakiti, yote mawili ni chumvi ya shaba.

Fundi Brashi
Swali la kifundi. Bluu na kijani zikikaa peke yake zinakuwa baridi, picha inakufa. Ndiyo maana sisi kwenye marikani tunaanza na rangi ya udongo au njano chini. Huyu dogo alifanyaje? Maana nimekuza hapa naona milima ina joto.

Kibatari
Heshima yako fundi. Alianza na wino, mistari na vivuli. Kisha maeneo ya chini akapaka rangi ya udongo mwekundu, kama ngeu. Kijani na bluu zikaja juu yake. Tazama miguu ya milima pale inapoingia majini: udongo umeachwa wazi, kilele kikiwa bluu iliyojaa. Jicho linapata mahali pa kuota moto kabla ya kupanda tena kwenye baridi.

Msomi wa Mtaa
Mleta mada, hapa naona chai. Miaka 18, chini ya nusu mwaka, mita 12? Na nilisoma mahali kwamba mfalme alimuua baadaye. Jina si Wang Ximeng?

Kibatari
Vizuri umeleta, maana hata wataalamu wa China wamebishana juu ya mchoro huu, wapo wanaotilia shaka hata maandishi ya Cai Jing.

Jina: Cai Jing anaandika "Ximeng" tu. Jina la ukoo, Wang, linatokea kwenye maandishi ya enzi ya Qing, zaidi ya miaka 500 baadaye. Ni hukohuko Qing ambako mkusanyaji Song Luo aliandika kwamba kijana alifariki muda mfupi baadaye akiwa na miaka ishirini na kitu, na kwamba kazi yake iliyobaki ni hii moja. Tarehe za 1096 na 1119 unazoziona mitandaoni zimekisiwa. Habari ya kuuawa ni ya vijiweni, ipuuze. Na miaka 18 ni kwa hesabu yao ya zamani, mtoto anazaliwa tayari ana mmoja. Kwa hesabu yetu ni 17 hivi.

Hapo ndipo kasri linanishangaza. Waziri mkuu anaandika kwa mkono wake, mfalme anatajwa kwa sifa, tarehe imewekwa, na hakuna aliyeona umuhimu wa kuandika mtoto ni wa nani.

Mama Karafuu
Na mimi nakumbusha deni langu.

Kibatari
Sijasahau, mama. Jibu ni chungu.

Huizong alikuwa na bustani ya Genyue pale mji mkuu, mlima wa kutengenezwa. Mawe ya ajabu na miti adimu vilikusanywa kusini na kuletwa kwa majahazi kwenye mifereji. Jiwe likiwa kubwa kuliko upenyo wa daraja, daraja linabomolewa. Maofisa wakiona jiwe zuri uani kwa mtu wanalitia alama, limekuwa la mfalme. Mwaka 1120 kusini kukalipuka maasi ya Fang La, na mawe hayo yalikuwa kwenye orodha ya machungu yao. Cai Jing mwenyewe, aliyezawadiwa mchoro wetu, wanafunzi waliandika waraka wa kumtaja kinara wa "wezi sita". Akafukuzwa, akafia njiani kuelekea uhamishoni mwaka 1126.

Halafu Wajurchen wa kaskazini wakauzingira mji. Majira ya baridi, njaa. Ile Genyue ikakatwa miti iwe kuni, mawe ya thamani yakavunjwa yakawa ya kurusha kwa mitambo ya vita, paa wa bustanini wakachinjwa walinzi wapate kula. Mwaka 1127 Huizong akachukuliwa mateka na mwanawe, akapelekwa kaskazini ya mbali. Waliomteka walimpa cheo cha kejeli, "Mtukufu wa Fadhila Zilizovurugika". Alifia huko 1135.

Mama Karafuu
Basi hiyo milima ya bluu ndiyo hayo mawe ya watu. Nzuri, sikatai, lakini mimi nikiitazama naona daraja limebomolewa.

Kibatari
Siwezi kukupinga, mama. Zaidi nitasema hata mlima wao wenyewe ni siasa. Guo Xi, mchoraji wa kasri wa kizazi cha kabla, aliacha mafundisho yaliyokusanywa na mwanawe, na humo anasema mlima mkubwa usimame kama mfalme barazani na milima midogo imzunguke kama mawaziri waliokuja kuhudhuria. Ukijua hivyo, unapotafuta kilele kirefu kwenye utepe wa Ximeng unajua unamtafuta nani.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, mjadala mzuri. Mimi niliwahi kufundisha sanaa chuoni. Naomba kumtetea Guo Xi dhidi ya rangi zenu. Mchoro wake wa 1072, Mwanzo wa Majira ya Kuchipua, uko Taipei. Una kimo cha sentimita 158.3 na upana 108.1. Kazi yote ni wino na rangi hafifu, na ndani yake unasikia unyevu. Ukungu unatoka bondeni, matawi yamejikunja kama kucha za kaa. Wasomi wa wakati ule walipenda wino, na rangi nyingi waliziona ni mambo ya mafundi. Mshairi Su Shi alisema anayepima mchoro kwa kufanana na kitu, akili yake inakaribia ya mtoto.

Kibatari
Shikamoo mwalimu. Ule mchoro naupenda pia. Na Guo Xi ndiye aliyesema milima ya majira ya kuchipua inatabasamu na ya baridi imelala. Ila mwisho wa Guo Xi kasrini unaujua? Mfalme Shenzong, baba yake Huizong, alimpenda mpaka ukumbi mmoja ukajaa kazi zake tupu. Huizong alipopanda kiti akataka picha za kale, za Guo Xi zikashushwa zikatupwa stoo. Deng Chun, aliyeandika habari za wachoraji, anasimulia kwamba babu yake alipewa nyumba na mfalme. Siku moja baba yake Deng Chun akamkuta fundi anafuta meza kwa hariri kuukuu yenye milima. Akaichukua, akaitazama. Guo Xi! Kuuliza, akaambiwa imetoka kwenye vitu vilivyotupwa vya stoo ya kasri. Akaomba apewe, akapewa.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kisa hicho najua, na kila mara kinanikata maini. Kitambaa cha meza!

Mtoto wa Kariakoo
Mimi niliuona kwa macho. 2017 nilikuwa nasoma Beijing, ukaoneshwa. Tulipanga foleni saa kadhaa, ukifika mbele unasogea na watu, husimami. Nilichokikumbuka ni vitu viwili. Kwanza, taa ni hafifu, lakini ile bluu haing'ai kama rangi ya kopo, inakaa kama vumbi zito, inameza mwanga halafu inaurudisha kidogo kidogo. Pili, imeumia. Kuna mistari wima ambapo rangi imedondoka, na mwanzo wa picha, upande wa kulia, umechakaa zaidi.

Kibatari
Ahsante sana mdau. Rangi ya jiwe haiingii ndani ya hariri, inakaa juu. Kila ukiviringisha inapasuka kidogo, kila ukifungua inadondoka punje. Na anayefungua kuonja tu anaanzia kulia, kwa hiyo kulia ndiko kunakoumia. Ndiyo maana haitolewi mara kwa mara.

Mchokonozi
Na yule twiga wa Malindi aliyechorwa China, si ndiyo haohao?

Kibatari
Hapana, hiyo ni enzi ya Ming, miaka 300 baadaye, mfalme Yongle. Picha ya twiga ni ya 1414, na twiga huyo alifika kupitia Bengali. Ujumbe wa Malindi ulipeleka wake 1415. Wakamwita qilin, mnyama wao wa baraka. Unastahili uzi wake, usinivurugie huu.

Fundi Brashi
Wakuu, jana usiku sikulala. Sina malakiti, nina rangi za kopo. Nimechukua vipande viwili vya marikani. Cha kwanza nimechora mlima kijani moja kwa moja. Cha pili nimeanza na udongo mwekundu, nikaacha ukauke, nikaweka kijani, nikabakiza udongo miguuni. Mwanangu wa darasa la tatu nimemuuliza upi mlima. Kaonesha wa pili. Nikamuuliza na ule mwingine? Kasema ule ni jani.

Katanga ya Juu
Fundi, nikipata mutu wa kuja Dar nitakutumia kipande ya malakiti. Utasaga mwenyewe, lakini usisage sana.

Fundi Brashi
Nitashukuru kaka. Hiki cha pili bado kinanata, kikikauka naweka picha hapa, Mchokonozi apumzike.